Jinsi ya Kupima Mzigo wa Akili wa Dereva Anapotumia Teknolojia Ndani ya Gari

Gari la siku hizi lina skrini ya kugusa, ramani inayoongea, simu iliyounganishwa kwa Bluetooth na msaidizi wa sauti anayengoja kuamriwa. Muuzaji atakwambia dereva hana shida yoyote: mikono iko kwenye usukani, macho yako barabarani. Mwenye wasiwasi atakwambia vifaa hivyo vinaua. Mabishano haya hayaishi kwa sababu kinachobishaniwa kimo kichwani mwa dereva, na kila upande unakisia. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuacha kukisia: mwanafunzi anayeandaa utafiti, mhandisi anayetengeneza programu ya gari, au msimamizi wa usalama katika kampuni yenye magari mengi.

Mzigo wa akili, kwa maana ya hapa, ni kiasi cha fikra na umakini ambacho kazi inamla dereva, kikilinganishwa na kiasi alicho nacho wakati huo. Kazi ileile inaweza kuwa nyepesi kwa mmoja na nzito kwa mwingine, na kwa mtu yuleyule asubuhi si sawa na usiku akiwa amechoka.

Kuna jambo moja ambalo usipolishika, vipimo vyote vitakudanganya: dereva hufidia. Mpe kazi ya ziada, naye atajikaza, atapunguza spidi kidogo, ataacha nafasi kubwa zaidi nyuma ya gari la mbele, ataacha kutazama vioo vya pembeni. Kwa nje gari linakwenda sawasawa. Wachukuzi wawili wanaweza kutembea kwa mwendo mmoja, mmoja ana kilo 20 mgongoni na mwenzake 50. Ukipima mwendo peke yake utasema mizigo yao ni sawa. Mwaka 1996 Dick de Waard wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, aliligawa suala hili katika maeneo. Lipo eneo ambalo dereva anafanya vizuri bila kujikaza. Lipo ambalo bado anafanya vizuri, ila kwa kujikaza. Baada ya hapo ndipo utendaji unashuka, na mwisho unaanguka kabisa. Upande wa pili, kazi ikiwa ndogo mno, dereva huzubaa na hapo tena inambidi ajikaze ili tu abaki macho. Lile eneo la kufanya vizuri kwa kujikaza ndilo gumu kulinasa, na dereva anayeongea na kifaa cha gari mara nyingi yumo humo. Hatua zinazofuata zimepangwa ili usilikose.

Hatua ya 1: Andika swali linalopimika

"Je, skrini hii ni salama?" si swali la kupimika. "Kuingiza anwani kwa kugusa skrini kunamlemea dereva kuliko kuitaja kwa sauti, gari likienda kilomita 80 kwa saa katika barabara iliyonyooka?" Hilo linapimika. Lina kifaa, lina kazi, lina mazingira, na lina kitu cha kulinganisha. Kikikosekana kimojawapo, bado hujawa tayari kuanza.

Kisha amua kazi inaanza na kuisha wapi. Hapa watu hupita mbio, halafu wanakuja kukwama kwenye hesabu. Chukua kazi ya kupiga simu kwa amri ya sauti. Inaanza mtafiti anapomaliza kusoma maelekezo, au dereva anapobonyeza kitufe kwenye usukani? Inaisha mfumo unapothibitisha jina, au simu inapoanza kuita? Na mfumo ukidai haukusikia, dereva akarudia mara tatu huku sauti ikipanda, hiyo ni kazi moja au tatu? Mimi huhesabu ni kazi moja, na makosa yote ya mfumo hubaki ndani yake. Kifaa kisichomwelewa mtu kinamlemea kwa kutomwelewa, na ukiyaondoa marudio hayo utakuwa umepima kifaa ambacho hakipo.

Andika pia ni mzigo wa aina gani unaoutarajia. Kazi za ndani ya gari huchukua macho, mikono au fikra, na nyingi huchukua mchanganyiko. Kubadilisha kituo cha redio kwa kuzungusha kitufe kunagusa zaidi mikono na macho kidogo. Mazungumzo mazito ya simu yanachukua fikra tu. Menyu yenye ngazi nne inachukua vyote vitatu. Aina ya mzigo ndiyo itakayokuongoza kuchagua kipimo.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Una njia tatu: simuleta (mtambo wa kuigiza uendeshaji), uwanja uliofungwa, na barabara halisi. Simuleta inakupa hali ileile kwa kila mshiriki, na ajali haimuumizi mtu. Ubaya wake ni kwamba dereva anajua hilo, hivyo hujasiri mambo ambayo barabarani asingeyajaribu. Wengine hupata kichefuchefu, hasa penye kona nyingi na breki za ghafla. Tumia barabara iliyonyooka, punguza joto la chumba, na mtu akianza kutoka jasho jembamba msimamishe hapo hapo.

Barabara halisi inakupa tabia halisi na usumbufu usio na mpangilio. Kama utakwenda huko, anza na kazi ambazo tayari umeshazipima kwenye simuleta ukajua hazimwangushi dereva. Awepo mtu wa pili kiti cha mbele mwenye breki yake, ruhusa ya kamati ya maadili iwe mkononi, na mshiriki ajue anaweza kukataa kazi yoyote wakati wowote. Mimi siruhusu kazi za kuandika maandishi barabarani hata mshiriki akikubali.

Hatua ya 3: Chagua vipimo, angalau vitatu vya familia tofauti

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo tutakaa.

*Kumuuliza dereva mwenyewe.* Dodoso linalotumika zaidi ni NASA-TLX, la Sandra Hart na Lowell Staveland, lililochapishwa mwaka 1988 kwa ajili ya marubani na kazi za anga. Lina mizani sita: uzito wa kufikiri, uzito wa kimwili, shinikizo la muda, utendaji, juhudi na kukereka. Kila mzani unakwenda 0 hadi 100 kwa vipande vya 5. Mfumo kamili una hatua ya kulinganisha mizani hiyo miwili miwili, jozi 15, ili kupata uzani wa kila mmoja. Watafiti wengi huiacha na kuchukua wastani wa kawaida, na kwa kazi za gari sioni hasara kubwa. Tahadhari ni moja: mzani wa utendaji umegeuzwa. Upande wa kushoto ni "nimefanya vizuri kabisa" na wa kulia ni "nimeshindwa". Mshiriki aliyezoea kwamba kulia ni kuzuri ataweka alama upande usio wake, na wewe utapata dereva aliyefaulu lakini amelemewa vibaya. Mweleze kwa mdomo, kisha mwombe akwambie yeye alivyoelewa.

Mpe dodoso mara tu baada ya kila kipande, gari likiwa limesimama. Ukisubiri mwisho, atakuwa anakumbuka kazi ya mwisho na ile iliyomuudhi zaidi, basi.

*Uendeshaji wenyewe.* Pima gari linavyoyumba ndani ya leni, spidi na mabadiliko yake, umbali na gari la mbele, muda wa kuanza kushika breki, na marekebisho madogo madogo ya usukani. Kuyumba hupimwa kwa mkengeuko wa kawaida (kipimo cha mtawanyiko) wa nafasi ya gari katika leni, kwa sentimita. Kipimo hiki kina mtego ambao tutaurudia kwenye hatua ya 7.

Kama huna simuleta ya gharama, kuna jaribio la kubadili leni lililowekwa katika kiwango cha ISO (shirika la kimataifa la viwango) namba 26022 cha mwaka 2010. Linaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida yenye usukani wa kuchezea michezo: barabara ya leni tatu, spidi isiyozidi kilomita 60 kwa saa, na mabango yanayomwambia dereva ahamie leni ipi. Unapima njia aliyopita ilivyoachana na njia iliyotakiwa.

*Kazi ya pembeni.* Hii ndiyo ninayoiamini zaidi kwa mzigo wa fikra. Wazo lake ni la zamani: mwaka 1961 wanasaikolojia wa Uingereza, Brown na Poulton, walimpa dereva kazi ndogo ya pili ili wajue amebakiwa na uwezo kiasi gani. Akiifanya vibaya kazi hiyo ndogo, maana yake kuendesha kumechukua karibu uwezo wote. Siku hizi namna iliyosanifiwa ni DRT (Detection Response Task, yaani kazi ya kugundua ishara na kuiitikia), katika kiwango cha ISO 17488 cha mwaka 2016.

Kwa vitendo ni hivi. Kidude kidogo cha kutetemeka, cha ukubwa wa sarafu, kinabandikwa kwa plasta begani mwa dereva, karibu na mtulinga. Kidole kimoja kinafungwa swichi ndogo, anayoibonyeza kwa kuigandamiza kwenye usukani. Kila baada ya sekunde 3 hadi 5, bila mpangilio anaoweza kuubashiri, bega linatetemeka kwa muda usiozidi sekunde moja. Dereva anabonyeza. Kompyuta inaandika muda uliopita, kwa milisekunde, na kama alibonyeza au la. Jibu lililokuja kabla ya milisekunde 100 linatupwa, kwa sababu hakuna binadamu anayehisi na kujibu kwa kasi hiyo, alikuwa anabahatisha. Jibu lililopita milisekunde 2500 linahesabiwa amekosa. Zipo namna za kutumia taa badala ya mtetemo, moja ikiwa mbele ya jicho kwa mkono unaotoka kichwani, nyingine ikiwa kwenye dashibodi. Ukiwa na kazi inayohusisha skrini, chukua mtetemo. Taa ya dashibodi ikikosekana kuonekana hutajua kama akili ilikuwa imejaa au macho yalikuwa kwingine.

Jaribu swichi mwenyewe kabla ya mshiriki wa kwanza. Swichi ikiwa ngumu, dereva anaigandamiza mara mbili. Ikiwa laini mno, kila akikata kona inajibonyeza.

*Macho.* Kamera ya kufuatilia macho inakupa idadi ya mara dereva alizotazama skrini, urefu wa kila mtazamo, na jumla ya muda ambao macho hayakuwa barabarani. Mwongozo wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, wa mwaka 2013, unataka mitazamo mingi isizidi sekunde 2 mmoja mmoja, na jumla ya muda wa macho kutokuwa barabarani kwa kazi nzima isizidi sekunde 12. Sekunde 2 zinasikika chache. Kwa kilomita 100 kwa saa ni mita 55 na ushee za kuendesha bila kuona.

Huna kamera hiyo? Ziba macho. John Senders, mwaka 1967, aliendesha gari kwenye barabara kuu akiwa na kofia yenye kizibo kilichomshukia usoni na kupanda, ili ajue dereva anahitaji kuona kwa kiasi gani. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2011, na nadhani alistahili tuzo zote mbili, ya kicheko na ya heshima. Leo hufanywa gari likiwa limesimama: mshiriki anavaa miwani inayofunguka sekunde 1.5 na kufunga sekunde 1.5, huku akifanya kazi kwenye skrini. Kazi inayokamilika vizuri kwa vipande hivyo inaweza kukatwakatwa. Ile inayomlazimu aanze upya kila miwani inapofunguka haifai kufanywa gari likitembea. Kumbuka kwamba miwani haikwambii lolote kuhusu mzigo wa fikra. Msaidizi wa sauti ataipita kwa alama za juu na bado akawa mzito.

*Mwili.* Akili ikijikaza, mapigo ya moyo huongezeka kidogo, mabadiliko ya muda kati ya pigo na pigo hupungua (hasa katika mawimbi ya hezi, yaani mizunguko kwa sekunde, 0.07 hadi 0.14), ngozi hupitisha umeme vizuri zaidi kwa sababu ya jasho, na mboni hutanuka. Vipimo hivi vina sifa nzuri kwamba dereva hawezi kuvipamba. Lakini kila kimoja kina adui wake. Mboni hufuata mwanga kuliko inavyofuata fikra, kwa hiyo barabarani penye jua na kivuli isahau. Jasho hufuata joto la gari. Na kuongea hubadilisha upumuaji, ambao nao hubadilisha mpangilio wa mapigo. Kwa hiyo kazi ya sauti ukiilinganisha na kazi ya kimya kwa kipimo cha mapigo, huenda unalinganisha kupumua tu. Kama bajeti ni ndogo, mapigo ya moyo ya kawaida yanatosha. Mengine yaache.

Mchanganyiko ninaoushauri kwa anayeanza ni DRT ya mtetemo, NASA-TLX isiyo na jozi, na kamera ya kawaida inayomwelekea dereva usoni ili uhesabu mitazamo kwa mkono baadaye. Kuhesabu kwa mkono kunachosha, ila hakukosei kama kamera ya bei rahisi inavyokosea mtu akivaa miwani.

Hatua ya 4: Weka nguzo mbili, ya chini na ya juu

Namba peke yake haisemi kitu. Milisekunde 550 ni nyingi au chache? Unahitaji kipindi cha msingi, yaani kuendesha tu bila kazi nyingine, na kazi rejea ambayo uzito wake unajulikana.

Kwa fikra, kazi rejea inayotumika sana ni ya kukumbuka namba zilizopita. Mshiriki anasikia tarakimu moja moja, kila baada ya sekunde 2 na kidogo. Katika ngazi nyepesi anarudia aliyoisikia sasa hivi. Katika ngazi ya kati anataja ya kabla yake. Katika ngazi nzito anataja ya mbili nyuma: akisikia "nne", kimya, "saba", kimya, "moja", anasema "nne", "tisa", anasema "saba". Ukijaribu ukiwa umekaa kwenye kiti utaona jasho linavyokutoka. Rekodi namba hizo mapema, kwa sauti ya mtu mmoja na nafasi sawa, wala usizisome papo kwa papo. Na zisikilize ndani ya gari injini ikiwaka: "nne" na "nane" hugongana, vivyo hivyo "tatu" na "tano", na mshiriki akikosea kwa kutosikia utamhesabia kosa la kumbukumbu.

Kikundi cha David Strayer katika Chuo Kikuu cha Utah kilitumia wazo hilihili la nguzo mwaka 2013 kwa ajili ya AAA Foundation for Traffic Safety ya Marekani. Walifanya kuendesha tu kuwa 1, na kazi ya kuchanganya hesabu na kukumbuka maneno kuwa 5. Katikati wakapata redio 1.21, kitabu cha kusikiliza 1.75, simu isiyoshikwa mkononi 2.27, simu ya kushika 2.45, na kuamuru ujumbe kwa sauti 3.06. Angalia tofauti ya simu hizo mbili ilivyo ndogo. Bila nguzo za chini na juu, takwimu hizo zingekuwa milisekunde zisizo na maana kwa msomaji.

Hatua ya 5: Tafuta washiriki na upange zamu

Kila mshiriki afanye kazi zote, ili ulinganishe mtu na nafsi yake. Watu hutofautiana sana katika kasi ya kuitikia, na ukilinganisha kundi na kundi tofauti hiyo itameza unachokitafuta.

Idadi ya 24 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ndiyo iliyo katika mwongozo wa NHTSA, ikigawanywa sawasawa kwa rika nne: miaka 18 hadi 24, 25 hadi 39, 40 hadi 54, na 55 kuendelea. Kazi hufaulu kama watu 21 kati ya 24 wamekidhi kiwango. Usikusanye wanafunzi watupu kwa sababu wako karibu. Wazee huonyesha mzigo ambao vijana wanaumudu kwa kufidia.

Zungusha mpangilio wa kazi ili kila kazi itokee mwanzo, katikati na mwisho kwa idadi sawa ya watu. Uchovu na mazoea vina nguvu kuliko unavyodhani.

Hatua ya 6: Endesha kipindi chenyewe

Fundisha kwanza. Mshiriki afanye kila kazi gari likiwa limesimama mpaka aikamilishe mara mbili mfululizo bila kusaidiwa, kisha DRT peke yake, kisha kuendesha na DRT. Usipofanya hivi utapima ugeni wa kifaa badala ya uzito wake. Isipokuwa, bila shaka, kama ugeni ndio swali lako, kwa mfano gari la kukodi.

Maelekezo yawe yaleyale kwa wote, yasomwe kwenye karatasi: "Tafadhali, kuendesha kwa usalama ndiyo kazi yako ya kwanza. Ukihisi mtetemo bonyeza mara moja haraka uwezavyo. Kazi ya kifaa ifanye kwa mwendo wako." Mtafiti anayebadilisha maneno haya kwa kumhurumia mzee au kumhimiza kijana ameshaharibu kipindi.

Hesabu mitetemo. Kwa wastani inakuja kila sekunde 4, kwa hiyo kazi ya sekunde 12 inakupa mitatu tu, na wastani wa vitu vitatu ni bahati nasibu. Suluhisho ni kurudia kazi mfululizo kwa dakika 2, kila mara kwa anwani au jina jipya, upate mitetemo kama 30. Ongeza pia kipande kimoja cha kila kazi bila DRT. DRT yenyewe ni mzigo, ingawa mdogo, na uendeshaji wa kawaida unahitaji kuupima ikiwa haipo.

Hatua ya 7: Safisha na uhesabu

Ondoa majibu ya chini ya milisekunde 100. Yaliyokosa usiyape thamani ya 2500 ukayachanganya na mengine. Yaweke kwenye hesabu yake ya asilimia ya mitetemo iliyokosa kujibiwa. Kisha tazama vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu dereva aliyelemewa kabisa hujibu michache tu iliyokuwa rahisi, na wastani wake wa muda unaonekana mzuri.

Mfano wa kubuni: kundi lina milisekunde 400 kwenye msingi, 640 kwenye namba za mbili nyuma, na 550 kwenye msaidizi wa sauti. Toa msingi: 150 kwa kifaa, 240 kwa kazi rejea. Gawa, unapata 0.63. Kifaa kinachukua takriban theluthi mbili ya mzigo wa kazi nzito ya kumbukumbu. Hesabu hii ifanye kwa wastani wa kundi. Kwa mtu mmoja mmoja, yupo ambaye kazi rejea haikumsumbua, tofauti yake ikawa milisekunde 10, na ukigawa kwa 10 unapata namba ya ajabu itakayoburuta wastani wote.

Sasa ule mtego wa leni. Kazi ya macho humfanya dereva ayumbe zaidi, kila mtu anatarajia hivyo. Kazi ya fikra tupu mara nyingi hufanya kinyume: gari linayumba kidogo kuliko kwenye msingi. Macho yanaganda katikati ya barabara, usukani unarekebishwa mara nyingi kwa vipimo vidogo, na kwenye jedwali dereva anaonekana anaendesha vizuri zaidi. Mradi wa Ulaya ulioitwa HASTE, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, ulionyesha hali hizi mbili waziwazi. Macho yaliyoganda hayatazami vioo wala pembeni anakotokea mtembea kwa miguu. Ripoti inayosema "msaidizi wa sauti haukuathiri uendeshaji" kwa kutazama leni peke yake isome kwa jicho la shaka.

Hatua ya 8: Vipimo vikigombana

Vitagombana. Dodoso likisema kazi ni nyepesi na DRT ikisema nzito, mara nyingi dereva amezoea kifaa au anakipenda, na hajui kinachomgharimu. Ikiwa kinyume, dodoso zito na DRT nyepesi, tazama mzani wa kukereka: huenda kifaa kinaudhi bila kulemea. DRT nzito huku macho yako barabarani ni fikra. Mitazamo mirefu na DRT ya mtetemo ya wastani ni macho, na dawa yake iko kwenye mpangilio wa skrini: maandishi makubwa, hatua chache, kitufe cha kushikika.

Zidisha uzito kwa muda. Kazi ya uzito wa kati inayochukua dakika nzima inaweza kuwa mbaya kuliko nzito ya sekunde 5. Na mzigo hauishi kazi inapoisha: kikundi kilekile cha Utah, mwaka 2015, kiliona athari za amri za sauti zikibaki hadi sekunde 27 baada ya dereva kumaliza. Kwa hiyo usiizime DRT pale kazi inapokamilika. Iache iendelee nusu dakika na uhesabu kipande hicho peke yake.

Hatua ya 9: Andika ripoti ambayo mwingine anaweza kuirudia

Taja spidi, aina ya barabara, rika za washiriki, aina ya DRT na mahali ilipobandikwa, maelekezo neno kwa neno, na mwanzo na mwisho wa kila kazi. Toa muda wa kuitikia na asilimia ya mitetemo iliyokosa kwa pamoja, kila kimoja na mtawanyiko wake. Waliojitoa kwa kichefuchefu watajwe, pamoja na kazi waliyokuwa wakifanya.

Na andika toleo la programu ya kifaa, si jina la gari pekee. Magari hupokea masasisho usiku yakiwa yameegeshwa, na sasisho moja linaweza kuhamisha kitufe cha kiyoyozi kutoka uso wa mbele wa skrini hadi ndani ya menyu ya tatu. Hilo likitokea, rudia DRT na hesabu ya mitazamo kwa kazi zilizoguswa. Zisizoguswa zinaweza kubaki na namba zake za zamani.